Wakuu wa picha, haya maneno ya komposisheni mbona siyaoni kwenye picha yangu ya dagaa?

MtotoWaMwanga

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mi niko Kigoma mjini, najifunza picha kwa simu tu, kamera bado sijajaliwa. Kuna kozi moja ya bure naifuata mtandaoni, wiki hii tumefika kwenye komposisheni, yaani namna ya kupanga vitu ndani ya picha, mwalimu ametupa maneno nane tuyaelewe alafu kila mtu achukue picha moja aliyopiga mwenyewe aseme maneno matano yanafanyaje kazi humo ndani. Maneno nimeyameza yote, rulu ya thedi, lidingi laini, negativu spesi, fremu ndani ya fremu, simetri, balansi, leya, kujaza fremu, yaani hata ukiniamsha saa nane za usiku nakutajia bila kukosea. Ishu ni kwamba nikifungua picha yangu siyaoni. Mifano ya mwalimu yote ni barabara yenye theluji, ghala jekundu la farasi, mnara wa taa wa baharini. Mi nina dagaa.

Picha siwezi kuipandisha, bando lililobaki ni la kusukumia meseji tu, wacha niieleze. Ni mama yangu mdogo, yuko Kibirizi anageuza dagaa kwenye kichanja. Ilikua saa sita na nusu mchana, jua la utosi. Nilisimama wima tu, simu nimeilaza. Yeye yupo katikati kabisa. Nyuma yake ziwa, na ule mstari ambao maji yanakutana na anga umempita shingoni kama vile kachinjwa. Anga imeungua yote, nyeupe pee. Kuna mti wa kichanja cha nyuma umetokea juu ya kilemba chake kama pembe. Kushoto kuna mtoto kakatika nusu, limeonekana bega na mkono ulioshika kikombe, na kulia chini kuna ndoo ya bluu.

Picha naipenda, ila nikiikazia macho dakika mbili inanichosha na sijui kwa nini. Sasa wakuu, niyalazimishe maneno matano yaingie humo au nikapige nyingine? Mwisho wa kukabidhi ni Jumapili.

Kasulu_Hewani

Ndoo ya bluu ndo balansi, mtoto aliyekatika ni negativu, ongeza matatu upite zako 😂😂

Tukiacha utani mkuu, dagaa kikombe wanaendaje huko saivi, maana huku kwetu tunauziwa kama dhahabu

MtotoWaMwanga

Kaka we acha tu, subiri mbalamwezi ipite wakirudi kuvua ndo uulize bei

MamaPicha_Ujiji

Mwanangu marahaba. Mimi nina studio Ujiji, paspoti, harusi, ngoma, maulidi, miaka kumi na tisa sasa, na hayo maneno yako mengi nimeyajua majina yake juzi juzi kwa mwanangu anayesoma chuo. Kumbe nilikua nayafanya siku zote, nilikua nayaita mengine tu. Kwa hiyo usiogope maneno.

Ngoja nikuulize kitu kabla hujataja theluthi, hiyo rulu ya thedi yako, wala nini. Hiyo picha inahusu nini? Usiniambie inahusu mama mdogo anageuza dagaa, hiyo hata mimi nimeisoma hapo juu. Ulipokua umesimama pale kuna kitu kimoja kilikuita ukatoa simu mfukoni, kitu gani? Mikono yake? Ule mng'ao wa dagaa? Au kwamba yuko peke yake na mzigo mkubwa hivyo? Maana ukishajibu hapo, nusu ya yale maneno yanajipanga yenyewe, na usipojibu utahangaika na gridi mpaka Jumapili ipite.

Nikuoneshe ninavyomaanisha. Tuseme ni mikono. Basi sogea, sogea tena, mpaka mikono na dagaa vijae kioo kizima, hakuna ziwa hakuna anga hakuna ndoo. Huko ndo kujaza fremu. Watu wanadhani kujaza fremu ni kuzumu, hapana, tumia miguu yako, ukizumu kwa vidole kwenye simu nyingi unaikata tu picha na kuipanua, inatoka na chengachenga. Ila na kusogea kuna mpaka wake, ile lenzi ya kawaida ya simu ni pana, ukimkaribia mtu sana usoni pua inakuwa kubwa na masikio yanarudi nyuma, kwa mikono haina shida sana.

Tuseme ni upweke wake na mzigo. Hapo unafanya kinyume, unarudi nyuma hatua ishirini, unamuacha yeye mdogo kona moja na sehemu yote iliyobaki ni dagaa na mchanga mtupu. Hiyo sehemu isiyo na jambo ndo negativu spesi yako, mimi naita nafasi ya kupumua. Haina kitu, lakini ndiyo inayosema mtu huyu kazi yake ni kubwa kuliko yeye. Mwalimu wako akikuonesha theluji nyeupe yenye mti mmoja anasema jambo hilo hilo, theluji yake ni mchanga wako.

Sasa kwa nini picha inakuchosha. Mstari wa shingoni. Jicho likimfikia mama mdogo usoni linakutana na mstari mkali wa upeo unalivuta kushoto na kulia, linatoka, linarudi, linatoka tena. Dawa yake wala si kompyuta, ni magoti. Chuchumaa, kichwa chake kitapanda juu ya upeo kisimame kwenye anga. Au panda juu ya kitu, ukingo wa boti au jiwe, upeo utapanda juu ya kichwa chake na yeye atazungukwa na mchanga na dagaa tu. Ukiona mti unaota kichwani kwa mtu sogea hatua moja kulia au kushoto, unaondoka wenyewe. Mimi maharusi wangapi nimewaona wana minazi na nguzo za umeme vichwani, na picha ishasafishwa kubwa na fremu ya dhahabu, hakuna wa kuwaambia.

Pembeni nako kagua. Kabla hujabonyeza zungusha jicho kwenye kona zote nne za kioo, kama unavyoangalia ukingo wa shuka unapotandika kitanda. Mtoto aidha awemo mzima au asiwemo. Ndoo itoe kwa mkono wako, kama ni ya kazi muombe mama aisogeze. Si udanganyifu huo.

Na saa sita mchana mwanangu hapana. Macho ya mtu mweusi kwenye jua la utosi yanakuwa mashimo mawili.

Mzee_wa_Reli

Namuunga mkono MamaPicha kwa mengi, ila nina neno juu ya hiyo theluthi ambayo vijana mmeifanya kama amri ya Musa.

Kanuni hiyo haikuanzia kwenye kamera. Aliyeiandika kwa jina hilo ni Mwingereza John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia uchoraji wa mandhari ya mashambani, wakati huo upigaji picha haupo duniani, Mfaransa Daguerre, mmoja wa waliovumbua upigaji picha, alitangaziwa uvumbuzi wake mwaka 1839. Smith alikuwa anaelezea namna ya kugawa mchoro ili nchi kavu na maji na anga visigombanie nusu kwa nusu. Yaani lilikuwa shauri kwa mchoraji asiyejua aweke wapi mstari wa upeo. Leo kijana anafungua gridi kwenye simu, mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, anatafuta njia panda zile nne, anamsukumia mtu pale kama anapaki gari, akimaliza anasema nimefanya komposisheni.

Gridi ifungue, ipo kwenye mipangilio ya kamera karibu simu zote, hata Tecno ya bei ya chini. Lakini faida yake kubwa kwako wewe mwenye ziwa si theluthi, ni kwamba upeo wako hautainama upande. Maji ya Tanganyika yakielekea upande mmoja kila mtu ataona, hata asiyejua picha, atahisi yanamwagika kuelekea Kongo.

Theluthi inakusaidia pale unapokuwa na vitu viwili vinavyozungumza. Mama yuko kushoto, anaangalia kulia, upande wa kulia kuna ziwa na boti linakuja. Hapo ukimweka katikati boti linabanwa. Ukimweka theluthi ya kushoto macho yake yanapata pa kwenda. Lakini kama ameinua uso anakutazama wewe moja kwa moja, na vichanja vimepangana kushoto na kulia kwake sawasawa, mweke katikati bila kuona aibu, hiyo ndiyo simetri, na katikati ndipo mahali pake.

Mimi nilifanya kazi relini miaka mingi kabla ya kustaafu, na picha ya kwanza iliyonifanya nielewe mistari ya kuongoza, hiyo lidingi laini yako, ilikuwa pale stesheni ya Kigoma. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914 na hapa ndipo inapoishia. Sasa picha nyingi za reli mtaona mistari miwili inakwenda mbali inakutana, jicho linasafiri nayo mpaka mwisho, na mwisho hakuna kitu! Mstari unaongoza kwenda wapi? Hilo ndilo swali ambalo walimu wa mtandaoni hawaliulizi. Mstari wa kuongoza usiompeleka mtu popote ni barabara tu. Nilikuja kuipiga tena siku nyingine, nikasubiri mpaka abiria mmoja mwenye godoro kichwani akafika pale ambapo mistari inakazana, ndipo nikabonyeza. Picha ikasimama.

(Nisieleweke vibaya, msiende kusimama katikati ya reli kwa ajili ya picha, na stesheni na bandarini omba ruhusa kwanza kabla hujatoa kamera, utajiepushia maswali marefu.)

Vichanja vyako, kijana, ni mistari tayari. Viko vingapi?

MtotoWaMwanga

Mama asante sana, mzee shikamoo na asante pia, nimesoma mara tatu.

Vichanja vyake viko kumi na viwili mzee, sita sita, katikati kuna njia ya kupita. Kumbe hiyo njia ndo lidingi laini!! Mi nlikua nasimama ubavuni miaka yote, kichanja kinaonekana kama meza tu.

Mama swali lako la picha inahusu nini limenikwamisha kweli. Nadhani ni ule mng'ao. Akiwageuza wanang'aa sekunde moja hivi kama sarafu zinamwagika alafu wanafifia. Ila kwenye picha hawajang'aa, wametoka kijivu tu.

Alafu leya sijaielewa. Mwalimu anasema mbele katikati nyuma. Si kila picha ina mbele na katikati na nyuma jamani?

LenziTupu

Nimechelewa ila uzi mtamu huu.

Leya dogo, si kila picha inazo. Kila MAHALI pana mbele na nyuma, ila picha ni karatasi bapa, ukipiga umesimama wima kama ulivyosema vyote vinabandikana kwenye ukuta mmoja, dagaa juu yao mama juu yake ziwa, kama stika. Leya maana yake umeweka kitu mbele kabisa karibu na lenzi, na kingine kati, na kingine mbali, na macho yanaweza kuhesabu hatua. Pale Kibirizi chuchumaa usawa wa kichanja cha kwanza, weka dagaa wawe sentimita thelathini toka kwenye simu, watakuwa wakubwa mbele, mama kati, maboti nyuma, na kama ni siku ambayo mvua imesafisha vumbi utapata na milima ya Kongo kama leya ya nne bure. Kiangazi usiitegemee, moshi wa moto wa porini unaifuta.

Mng'ao ni habari ya wapi jua limekaa. Kwetu jua linatoka nyuma ya vilima linazama ziwani, kwa hiyo Kibirizi asubuhi ukilitazama ziwa jua liko mgongoni mwako, kila kitu kinaonekana vizuri na rangi zote unazipata ila samaki hawang'ai sana, wamepigwa mwanga wa usoni. Jioni ukilitazama ziwa jua linakuja mbele yako, kila kilicholowa na chenye magamba kinarudisha mwanga kwenye lenzi, na watu wanakuwa weusi, siluweti. Ukitaka mng'ao NA sura ya mama kaa ubavu, jua liwe pembeni yake. Alafu bonyeza kidole kwenye zile sehemu zinazong'aa kwenye kioo ushikilie mpaka simu ijifunge hapo, shusha kile kialama cha jua kidogo. Anga haitaungua tena. Simu yako inamuangalia mama mwenye kilemba cheusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, anga inakufa. Hapo mbona siyo kosa lako.

Ila nlichojia hasa ni hiki. Mnaongea picha na ziwa hapa hamjamtaja Munkácsi?? Martin Munkácsi, Mhungaria, alikua anapigia magazeti Ujerumani, karibu 1930 akapiga picha ya wavulana watatu uchi wa mnyama wanakimbilia kwenye mawimbi. Miaka yote picha ile inajulikana kama ya Ziwa Tanganyika. Kuna wanaosema kweli yake ilipigwa Liberia baharini, na ukiangalia lile wimbi una haki ya kubisha, ila watuachie ziwa letu bana 😅. Kijana wa Kifaransa Henri Cartier-Bresson akaiona mwanzoni mwa miaka ya 1930, na alishasema mwenyewe picha ile ndo ilimwashia moto wa kupiga picha, mwaka 1932 akanunua kamera yake ya Leica, mengine ni historia.

Sasa itafuteni muiangalie na yale maneno nane. Sura haionekani hata moja, migongo tu. Miili meusi juu ya povu jeupe, yaani umbo la kila mmoja linasomeka. Hilo halimo kwenye orodha ya mwalimu wako na kwangu mimi ni kubwa kuliko theluthi, umbo lijitenge na kilicho nyuma yake. Mama mdogo ana kilemba cheusi? Mtafutie nyuma yake maji yanayong'aa au anga, usimweke juu ya boti lenye lami. Hapo utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

Na ni watatu. Wangekuwa wawili ungelinganisha huyu na yule. Watatu jicho linazunguka halitui.

Kasulu_Hewani

Nimeitafuta nimeiona aisee. Ila hao hawaelekei kuoga, hao wanamkimbia mama yao na fimbo

Mzee_wa_Reli

LenziTupu umenifurahisha. Nami niongeze jambo moja juu ya huyo Mfaransa, kwa sababu vijana husikia kwamba alikuwa hakati picha kamwe. Alikuwa mkali sana juu ya kukata, kweli. Lakini ile picha yake maarufu ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare kule Paris, aliipiga kwa kupenyeza lenzi kwenye upenyo wa uzio, na ubavu mmoja uliziba ikabidi ukatwe. Kwa hiyo ukiwa na mtoto aliyekatika nusu pembeni na huwezi kurudi Kibirizi, mkate. Ila usimkate mtu kwenye kiungo, kiwikoni au gotini au kifundoni, anaonekana mlemavu. Kata katikati ya paja au kifuani.

Kuhusu fremu ndani ya fremu, hapo Kibirizi usitafute dirisha. Boti mbili zilizovutwa ufukweni zinaacha uwazi kati yake, simama nyuma, mtazame mama kupitia hapo.

MamaPicha_Ujiji

Mzee boti zikikaa hivyo kivuli chake ni kikubwa, kijana wetu atapata weusi mbili pembeni na mama kwenye mwanga katikati, itapendeza. Lakini mwanangu usifanye yote nane kwenye picha moja tafadhali. Bibi harusi aliyevaa vito vyote alivyozawadiwa siku moja mnamjua anavyokuaga.

MtotoWaMwanga

Wakuu nimerudi, leo ni Ijumaa, nimeenda Kibirizi mara mbili, Alhamisi jioni na leo asubuhi.

Alhamisi niliwahi saa kumi na moja kasoro. Nikafungua gridi. Nikachuchumaa kwenye ile njia kati ya vichanja mpaka magoti yakashika mchanga, dagaa wa kichanja cha kwanza wako puani kwangu kabisa, simu ikawa inanuka mpaka sasa hivi. Vichanja vya kushoto na vya kulia vinakwenda vinakazana, mama mdogo yupo mwisho wa njia theluthi ya kulia, jua linakuja toka kushoto. Nikabonyeza kwenye mng'ao nikashusha jua kidogo kama LenziTupu alivyosema. Alafu nikasubiri. Mzee ulisema ulimsubiri mwenye godoro, mi nikasubiri mkono, maana anageuza, anapumzika, anaongea na wenzie, anageuza. Nimepiga arobaini na kitu. Moja tu ndo mkono uko juu na dagaa wako hewani wanang'aa na kichwa chake kiko kwenye anga hakijagusa kitu. MOJA. Nikatamani kulia.

Kwa hiyo maneno yangu: vichanja ndo mistari ya kuongoza na inafika kwa mtu haiishii hewani, theluthi, leya tatu maana milima haikuonekana, mizani, yaani balansi, nimesema yeye mdogo mweusi kulia analingana na mng'ao mkubwa wa kushoto, na la tano nikaandika umbo kujitenga na usuli, halimo kwenye orodha ya mwalimu ila nimeliweka hivyo hivyo akitaka anikate maksi.

Shida sasa ni mwenyewe mwenye picha. Nimemuonesha, akaangalia, akaniuliza huyu nani. Nikamwambia ni wewe mama. Akasema mimi nimekuwa kisigino cha dagaa? Akasema zaidi umenipiga na kanga ya kazini, na dagaa wa mbele umewafanya wakubwa kama migebuka watu watasema namwagia dawa. Nikamuonesha na ya zamani, ya kwanza kabisa, ile ya shingo kukatwa na ndoo. Ndiyo anayoitaka!! Anataka isafishwe atundike sebuleni. Nikamuuliza mama kwa nini hiyo, akasema hii inanionesha mimi na vichanja vyangu, mwenye macho atahesabu. Kweli nikaenda kuangalia, ile engo ya kusimama vinaonekana kumi kati ya kumi na viwili, kwenye yangu nzuri kinaonekana kimoja na nusu, vingine vimefichana.

Sasa leo asubuhi nikarudi kumpigia yake. Nimepanda juu ya boti lililovutwa mchangani kama MamaPicha ulivyosema upande mwingine wa dawa, upeo ukapanda juu ya kilemba, jua la asubuhi liko mgongoni kwangu, vichanja vyote kumi na viwili vimeonekana, yeye kavaa kitenge cha sikukuu kasimama katikati, simetri. Kaikubali ila anasema ile ndoo mbona umeitoa, ilikua mpya.

LenziTupu

Hiyo ya mkono juu usiifute hata simu ikijaa. Irushe kwenye barua pepe yako ikae huko.

Kasulu_Hewani

Mrudishie mama ndoo yake 😂 ndo nlisema toka mwanzo ndoo ni balansi mkanibeza

MamaPicha_Ujiji

Mwanangu hongera sana, na kwa mama mdogo mpe salamu, mwambie ndoo yuko sahihi, mtu haingii sebuleni kwa watu bila chombo chake kipya.

Nikuulize jambo la kiufundi kabla hujaleta. Anataka saizi gani? Maana simu yako bila shaka inapiga kwa uwiano wa nne kwa tatu, na karatasi ambayo kila mtu anaomba ni inchi sita kwa nne, hizo hazilingani. Mashine ikiijaza karatasi inakata juu na chini, jumla kama moja ya tisa ya kimo cha picha inaondoka. Kwa ile yako ya siluweti siyo tatizo una anga na mchanga wa kutosha, ila ya mama mdogo, kama ulivyosema vichanja viko kumi na viwili vyote na upeo uko juu ya kilemba, nina hofu tutamkata kilemba au tutamnyima vichanja viwili vya mbele, na wewe ndo utamjibu.

MtotoWaMwanga

Hapana mama, vikitoka viwili sirudi nyumbani. Sasa nifanyeje, nikapige tena?

MamaPicha_Ujiji

Usipige. Tutatoa inchi nane kwa sita, hiyo ni nne kwa tatu kamili, haikatwi hata uzi. Bei imepanda kidogo ila si sana. Lete kwa flashi, usinitumie kwa WhatsApp inaibana itatoka na ukungu. Kesho njoo baada ya saa nane, asubuhi nina maulidi. Na uje na kipimo cha ukuta wake, nijue fremu ya kioo nikukatie ipi.

MtotoWaMwanga

Sawa mama nakuja na yeye mwenyewe, amesema lazima aione ikitoka kwenye mashine.